FUNDI WA PIKIPIKI, LINDA MGONGO WAKO



Siku hizi pikipiki ndiyo miguu yetu. Hapa Karagwe na Kyerwa inabeba mgonjwa, inabeba mikungu ya ndizi, inabeba kahawa. Ukienda Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Murongo kule mpakani na Uganda, utakuta bodaboda zimejipanga zikingoja abiria. Pikipiki zikiwa nyingi, mafundi nao huwa wengi. Wengi wao hawana gereji ya mjini. Gereji yao ni uani, kando ya kibanja, chini ya mparachichi.

Je, fundi huyu anafanyaje kazi? Anachuchumaa tangu asubuhi mpaka jioni. Akitaka kutoa gurudumu, mara nyingi anailaza pikipiki ubavu juu ya gunia. Hapo hatari ni mbili. Ya kwanza, petroli inavuja na maji makali ya betri yanaweza kumwagika. Sigara moja tu au jiko la jirani linatosha kuwasha moto. Ya pili ni kuiinua tena. Pikipiki nyingi za bodaboda zina uzito wa kilo 100 hadi 130. Ni sawa na kunyanyua gunia la mahindi lililojaa, tena lenye vyuma vinavyoteleza mkononi.

Mgongo ukiumia, fundi analala ndani wiki nzima au mwezi. Nani ataleta chumvi nyumbani? Na yule kijana anayedaiwa hesabu na tajiri wake kila siku, pikipiki yake itatengenezwa na nani? Kwa hiyo jambo hili si la anasa. Ni la riziki.

PIKIPIKI IWE JUU, FUNDI ASIMAME

Dawa yake ni kuiweka pikipiki mahali pa juu ili injini ifike kiunoni kwa fundi aliyesimama. Mijini zinauzwa meza za chuma za kunyanyulia pikipiki. Unakanyaga pampu ya mafuta kwa mguu, na meza inapanda. Ni kifaa kizuri, lakini ni cha fedha nyingi, na kinahitaji sakafu ya saruji iliyo imara.

Sisi tunawashauri mwanze na kile mlicho nacho. Nchi yetu ni ya vilima. Badala ya kuinua pikipiki, mshusheni fundi! Fanyeni hivi:

1. Chagua mahali penye mteremko uani, mbali na jiko na mbali na njia ya watoto.

2. Pima ulimi wa ardhi wenye urefu wa sentimita 230 na upana wa sentimita 80, unaoelekea chini ya mteremko.

3. Chimba pande zote mbili za ulimi huo na mbele yake, kwenda chini sentimita 65. Ulimi wenyewe usiuguse. Nyuma yake uungane na ardhi ya juu, maana pikipiki itaingilia hapo bila kupanda.

4. Jengea kuta za ulimi kwa mawe au matofali ya kuchoma na saruji. Udongo mtupu utabomoka mvua za masika zikianza. Juu yake weka sakafu ngumu isiyoteleza.

5. Acha njia ya maji itoke upande wa chini. Fundi asisimame kwenye tope.

6. Kwenye pembe mbili za mbele, zamisha pete za chuma ndani ya saruji. Hizi ni za kufungia kamba.

Ukimaliza, ngoja saruji ikauke vizuri. Usiwe na haraka.

KAMA UWANJA NI TAMBARARE

Hapo tengeneza jukwaa la mbao lenye kimo cha sentimita 60. Weka miguu sita ya mbao za mbili kwa nne, na mbao za mshazari kila upande ili lisiyumbe. Tumia bolti na nati, kwa sababu misumari hulegea. Kisha tengeneza mbao za kupandishia.

Mbao hizo ziwe na urefu gani? Hebu tufanye hesabu. Pikipiki ina kilo 120. Jukwaa lina kimo cha sentimita 60. Mbao zikiwa na urefu wa sentimita 240, kimo ni robo ya urefu. Basi mtasukuma kama robo ya uzito, yaani kilo 30, na zaidi kidogo kwa sababu ya msuguano. Mbao zikiwa za sentimita 120 tu, mtasukuma nusu, yaani kilo 60. Tena tumbo la pikipiki linaweza kugonga ukingo. Mbao ndefu ni msaada, mbao fupi ni adhabu.

Kabla ya kupandisha pikipiki, watu wazima watatu wasimame juu ya jukwaa na kulitikisa. Likilia au likiyumba, lirudisheni kwa seremala.

NAMNA YA KULITUMIA

Zima injini. Usipande juu ukiwa umeiendesha, hata kama wewe ni hodari. Muwe watu wawili: mmoja atembee upande wa kushoto akishika usukani na breki, mwingine asukume nyuma. Pikipiki ipite karibu na ukingo wa kulia ili huyu wa kushoto apate pa kukanyaga.

Isimamishe kwa stendi ya kati. Weka kabari za mti mbele na nyuma ya gurudumu la mbele. Kisha funga usukani kwa kamba imara kwenye zile pete mbili, kushoto na kulia. Ukitaka kutoa gurudumu, weka kwanza kigogo imara chini ya injini. Usiegemeze uzito kwenye bomba la moshi, litapinda.

Jioni ishusheni pikipiki. Usiiache juu usiku kucha, maana watoto ni watundu na upepo nao haubishi hodi.

UKIPATA FEDHA ZA KUNUNUA

Mafundi watano wakichanga wanaweza kununua meza moja ya chuma. Kabla hamjalipa, ulizeni maneno manne. Je, uzito inaoweza kubeba umeandikwa, na unazidi uzito wa pikipiki? Je, ina pini ya chuma ya kuizuia isishuke pampu ikivuja? Je, vipuri vyake vinapatikana? Je, sakafu yetu inaifaa? Likikosekana jibu la pini, msinunue. Mafuta ya pampu yakivuja, meza isiyo na pini inashuka na mkono wa fundi uko chini yake.

Ndugu zetu, fundi si fundi kwa sababu anavumilia maumivu. Ni fundi kwa sababu kazi yake ni safi, na kesho yupo tena. Kinga ni bora kuliko tiba.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini si vizuri kuilaza pikipiki ubavu wakati wa kuitengeneza?

2. Pikipiki ina kilo 110. Jukwaa lina kimo cha sentimita 50 na mbao za kupandishia zina urefu wa sentimita 250. Bila kuhesabu msuguano, mtasukuma kilo ngapi? (Jibu: kilo 22.)

3. Katika kijiji chenu, ni mahali gani panafaa kuchimbwa ulimi wa mafundi wote?