Je, wajua siku ya sifuri ya Calc?

Fungua LibreOffice Calc, andika sifuri kwenye kisanduku kimoja, kisha iambie programu iionyeshe sifuri hiyo kama tarehe. Itakupa 30 Desemba 1899. Hiyo ndiyo siku ambayo lahajedwali hili huanzia kuhesabu kila tarehe unayoiandika, iwe ni siku ya mshahara, siku aliyozaliwa mtoto au siku ya mwisho ya kulipa mkopo. Kwa nini isiwe 1 Januari 1900, siku mbili tu mbele?

Jibu linaanzia miaka ya 1980, wakati lahajedwali lililotamba maofisini lilikuwa Lotus 1-2-3. Lotus iliuhesabu mwaka 1900 kuwa mwaka mrefu, ikaupa 29 Februari. Kwa kweli siku hiyo haikuwahi kuwepo, maana mwaka unaoishia kwa sifuri mbili huwa mrefu pale tu unapogawanyika kwa 400. Excel ilipoingia sokoni ikalibeba kosa lilelile kwa makusudi, ili hesabu zilizotoka Lotus zifunguke tarehe zikiwa vilevile. Waliotengeneza Calc wakajikuta katikati. Wakiiandika siku isiyokuwepo, kalenda yao inasema uongo. Wakiikataa, kila tarehe inayotoka Excel inateleza kwa siku moja. Wakaamua kuurudisha mwanzo wa hesabu nyuma kidogo. Kwa mpango huo 1 Machi 1900 ni namba 61 katika programu zote mbili, na kuanzia hapo hazipishani tena.

Ukichungulia kwenye mipangilio ya Calc leo utakuta siku nyingine mbili unazoweza kuzichagua: 1 Januari 1904, na 1 Januari 1900 ambayo pembeni yake pameandikwa StarCalc 1.0. Bidhaa hiyo ilishatoka madukani zamani. Chaguo limeachwa kwa ajili ya yeyote aliyebaki na hesabu za wakati ule. Kwangu mimi huo ndio moyo wa kazi ya watu wanaotengeneza programu huria za ofisi. Wameshika amana ya nyaraka za watu wasiowajua, na nyingine zimeandikwa kabla wao wenyewe hawajazaliwa.

Maana programu yenyewe ni ya siku nyingi. Mwaka 1985, mjini Lüneburg kaskazini mwa Ujerumani, kijana wa miaka 16 aitwaye Marco Börries alianzisha kampuni ya Star Division, akatoa programu ya kuandikia iliyoitwa StarWriter. Kampuni ikakua, ikahamia Hamburg, StarWriter ikapata ndugu zake wa hesabu na michoro, na familia nzima ikaitwa StarOffice. Mwaka 1999 Sun Microsystems ya Marekani ikainunua. Simon Phipps, aliyekuwa mtumishi wa Sun, amewahi kueleza kwamba Sun ilikuwa na wafanyakazi karibu 42,000, na kuinunua Star Division nzima kuligharimu kidogo kuliko kuwalipia wote leseni za Microsoft. Tarehe 13 Oktoba 2000 Sun iliuweka msimbo wa StarOffice hadharani kwa jina la OpenOffice.org. Kisha Oracle ikaimeza Sun mwaka 2010, na wengi waliokuwa wakiishughulikia programu wakaingiwa na hofu juu ya hatima yake. Tarehe 28 Septemba mwaka huohuo wakatangaza The Document Foundation, taasisi ambayo makao yake yako Berlin, wakachukua nakala ya msimbo kama leseni ilivyowaruhusu na kuipa jina LibreOffice.

Historia hii yote bado inasomeka ndani ya msimbo. Programu inayoamka unapobofya alama ya LibreOffice mpaka leo inaitwa soffice, yaani StarOffice. Majina ya vipengele vyake vya ndani yanaanza na com.sun.star, ingawa Sun haipo tena. Folda ya Writer inaitwa sw, kifupi cha StarWriter, ya Calc inaitwa sc. (Msomaji wa Kiswahili hawezi kuacha kutabasamu akiiona, kwa sababu sw ndizo herufi mbili za kimataifa za lugha yetu.) Waliohama mwaka 2010 walikuta pia maelfu ya mistari ya maelezo iliyoandikwa kwa Kijerumani na watu wa Hamburg. Wakatengeneza kijiprogramu cha kuitafuta, wakaiweka kwenye orodha ya kazi nyepesi za kuwakaribishia wageni, na mstari kwa mstari watu wa nchi mbalimbali wakaitafsiri. Ilichukua miaka. Kuna watu ambao mchango wao wa kwanza kabisa kwenye programu inayotumiwa na mamilioni ulikuwa sentensi moja iliyotoka Kijerumani kwenda Kiingereza.

Je, mtengenezaji wa programu hii anashinda akifanya nini? Wengi humdhania yuko anabuni vitufe vipya. Mara nyingi zaidi anasoma nyaraka za wengine. Mtumiaji huleta taarifa kwamba barua yake, iliyokuwa ikifunguka vizuri, sasa jedwali limehama au programu inazimika. Huambatisha na faili. Kwa kuwa faili hiyo itaonekana na kila mtu, huombwa kwanza afiche siri zake, na njia inayopendekezwa ni kubadilisha kila herufi iwe x. Basi mtengenezaji hukaa mbele ya ankara ya mtu asiyemjua, iliyojaa xxxx xxxxxx xx, anachoshughulika nacho ni umbo tu: pembeni pa ukurasa, upana wa safu, mahali mstari unapokatika.

Kazi ya kwanza ni kujua hitilafu iliingia lini, na hapa pana mbinu ninayoipenda sana. Mradi umehifadhi matoleo mengi sana yaliyokwisha kujengwa tayari, yamepangwa kwa kufuata siku. Tuseme kuna matoleo 1,000 kati ya lile la mwisho lililokuwa zima na la leo lenye kasoro. Huhitaji kuyajaribu yote. Unafungua la katikati. Likiwa zima, kosa liko katika nusu ya pili. Likiwa bovu, liko katika nusu ya kwanza. Unaikata nusu hiyo tena, na tena. Ni kama kutafuta katika daftari la duka siku ambayo hesabu zilianza kupishana: hufungui kila ukurasa, unaanzia katikati ya mwaka. Kwa hatua 10 hivi, matoleo 1,000 yanabaki moja, na mabadiliko yaliyofanywa siku ile yanajulikana, pamoja na aliyeyafanya na sababu aliyoiandika.

Ndipo anaandika kiraka. Kabla ya hapo atakuwa ameshaujenga msimbo wote kwenye kompyuta yake, kazi ambayo mara ya kwanza hula saa kadhaa kwenye mashine ya kawaida, kwa sababu ni mamilioni ya mistari, mingi kwa lugha ya C++. Kiraka hakiingii moja kwa moja. Kinapandishwa mahali ambapo mashine hukijenga kwa Windows, kwa macOS na kwa Linux, kisha mwenzake mzoefu hukisoma na kukikubali au kukirudisha na maswali. Mara nyingi ile faili iliyoleta malalamiko, au kipande chake, huingizwa kwenye majaribio ya kudumu. Kuanzia hapo, yeyote atakayebadilisha sehemu hiyo, ankara ile ya xxxx itafunguliwa tena na mashine kuhakikisha haikuharibika.

Tatizo moja linaloijia sana programu hii ni lile linalofahamika kwa kila aliyewahi kupeleka wasifu wake kuchapwa steshenari. Nyumbani ulikuwa ukurasa mmoja. Kwenye kompyuta ya duka mstari wa mwisho, wenye jina la mdhamini, umerukia ukurasa wa pili. Mara nyingi kosa haliko kwenye maandishi, liko kwenye fonti. Barua imeandikwa kwa Calibri, fonti ya Microsoft, na mashine nyingine haina. Ikiwekwa fonti nyingine yenye herufi pana zaidi hata kwa unywele, kila mstari unarefuka kidogo, aya inaongeza mstari mmoja, ukurasa unamwagika. Dawa yake ni fonti iitwayo Carlito, ambayo kila herufi yake ina upana uleule wa herufi ya Calibri. Sura ni tofauti kidogo, vipimo ni vilevile, mistari inakatika palepale. Cambria nayo ina mwenzake, Caladea.

Zamani kuzifungua nyaraka za Microsoft kulikuwa kugumu zaidi. Microsoft ilitangaza rasmi mwaka 2008 maelezo ya umbo la faili zake za .doc. Kabla ya hapo watu wa StarOffice na OpenOffice walilazimika kuchunguza faili baiti kwa baiti: unaandika neno kwa wino mzito, unahifadhi, unalinganisha na faili ya kabla. Folda ya kazi hiyo, ww8, bado ipo ndani ya sw.

Faili ya LibreOffice yenyewe haina fumbo. Chukua barua yoyote ya .odt, badilisha mkia wa jina uwe .zip, uifungue. Utakuta kifurushi. Ndani mna content.xml yenye maneno yako, styles.xml yenye mitindo, na kijifaili kiitwacho mimetype ambacho kanuni inataka kiwe cha kwanza, tena kisibanwe, ili hata mashine isiyojua kufungua kifurushi iweze kusoma mwanzoni kabisa kwamba hii ni hati ya maandishi. Ukifungua content.xml kwa programu nyepesi ya maandishi, utaona aya zako zikianza na alama text:p, na ndani yake maneno yako yaleyale, yanasomeka kwa macho. Umbo hili linaitwa OpenDocument, na mwaka 2006 lilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 26300.

Kuhusu riziki, si wote wanaojitolea. Sehemu kubwa ya msimbo huandikwa na watu walioajiriwa na kampuni zinazouza huduma juu yake, mfano Collabora ya Uingereza, na wachache huajiriwa na taasisi yenyewe. Serikali nazo ni wateja. Aprili 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, linalopakana na Hamburg ambako StarOffice ilikulia, lilitangaza kuhamishia LibreOffice kompyuta zake 30,000 za ofisini.

Nasi je? Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ambayo menyu zake zilisema Kiswahili. Na ndani ya hazina ya kamusi za LibreOffice leo mna folda iitwayo sw_TZ. Hapo ndipo ningependa mtu mmoja asomaye makala hii aingie, kwa sababu ule mstari mwekundu unaojikunjakunja chini ya maneno yetu sahihi unatoka hapo.

Kikagua tahajia kinaitwa Hunspell. Alikiunda László Németh wa Hungaria, kwa kuwa vikagua vilivyokuwepo havikuiweza lugha yake inayorundika viambishi juu ya neno. Hufanya kazi kwa faili mbili: .dic yenye maneno, na .aff yenye kanuni za kuvua viambishi. Kwa kawaida huvua tabaka moja la kiambishi awali na hadi matabaka mawili ya viambishi tamati. Kwa Kihungaria, ambacho mzigo wake uko mkiani, mpango huo unafaa. Kiswahili hubeba mbele. Tazama atatupikia: a, ta, tu, ndipo tunafika kwenye pik. Ni matabaka matatu kabla ya mzizi.

Njia mojawapo ni kuufunga mzigo huo kuwa kitita kimoja. Chukua viambishi vya nafsi ni, u, a, tu, m na wa. Nyakati nne za na, li, ta na me. Kisha yambwa ni, ku, m, tu, wa, au bila yambwa kabisa. Ni 6 mara 4 mara 6, vitita 144, ukiacha vichache visivyosemwa kama ninani-. Unaviandika mara moja tu kwenye .aff chini ya herufi moja, tuseme V. Halafu kwenye .dic unaandika pikia/V, na vitita vyote vinaambatana na neno hilo, pamoja na someshea/V, pelekea/V na kila kitenzi kinachostahili.

Kisha lugha inaanza kudai haki zake. Tunasema anampikia, lakini anamwandikia, na anamuuliza. Kwa hiyo kitita chenye m kinahitaji sharti linalotazama herufi ya kwanza ya kitenzi, na Hunspell inalipokea sharti hilo. Vitenzi vya silabi moja vina desturi yake: anakula, ila chakula anakila. Ngeli za vitu, ukanushi na urejeshi bado havijaguswa, na wanapotupikia si neno la kukosea. Kazi hii haimwombi mtu ajue C++. Inamwomba ajue sarufi, awe na subira, na awe mwepesi wa kusikia neno linaloumiza sikio.

Faili za .dic hufunguka kwa programu yoyote nyepesi ya maandishi, hata ile iliyokuja na kompyuta. Mstari wa kwanza hauna neno. Una tarakimu peke yake, idadi ya maneno yanayofuata. Anayeongeza neno jipya huliandika kwenye mstari wake, kisha hupanda tena juu na kuiongeza tarakimu hiyo kwa moja.