Dimbwi la Kuchimbwa, Ndege wa Porini

Birmingham imejengwa juu ya nyanda zilizoinuka, mbali na mto wowote mkubwa, na sehemu kubwa ya maji tulivu unayoyaona mjini humo yaliwekwa na mikono ya watu. Bwawa la Edgbaston lilikamilika mwaka 1827 chini ya mhandisi Thomas Telford, nalo lilikusudiwa kuongeza maji katika mifereji ya mashua za mizigo. Madimbwi mengi ya Sutton Park yalipatikana kwa kuziba vijito, mengine kwa ajili ya samaki, mengine kwa kuendesha vinu. Hata Moseley Bog, kinamasi ambacho mwandishi J.R.R. Tolkien alikifahamu utotoni, kilikuwa hifadhi ya maji ya kinu cha Sarehole. Leo vibisi wenye vishungi huzaliana Edgbaston bila kujali ni nani aliyelimwagia bwawa lao udongo wa ukingo. Kwa hiyo mkazi wa mji huu anapochimba dimbwi dogo nyuma ya nyumba, akapanga mawe na magogo yaliyoota kijani ili awapige picha ndege wa porini, swali la kama maji hayo ni ya asili halinipi taabu. Linalonihusu ni kama ndege anapata humo anachokihitaji. Hoja yangu ni kwamba dimbwi likitengenezwa kwa kufuata mahitaji ya ndege, picha nzuri hufuata karibu kila mara, na pale ambapo njia hizo mbili zinaachana, ndege ndiye wa kupewa haki.

Kuoga si anasa kwa ndege. Manyoya yakishika vumbi na mafuta makuukuu hayajipangi sawasawa, na ndege hawezi kuyanyoosha vizuri kwa mdomo wala kuyapaka mafuta mapya kutoka kwenye tezi iliyo juu ya mkia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle waliwafuga kwezi, baadhi wakiwa na maji ya kuogea na wengine bila. Walipowatisha ili waruke kupitia nyuzi zilizoning'inizwa, walionyimwa maji waligonga nyuzi nyingi zaidi. Kwa ndege anayeishi mji mmoja na kipanga na maelfu ya paka, hitilafu kama hiyo yaweza kumgharimu maisha. Na Uingereza nzima kwezi na shomoro wamo katika orodha nyekundu ya ndege waliopungua mno. Julai 2022, joto lilipovuka nyuzi 40 Uingereza kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu, nyasi za bustani ziligeuka rangi ya mchanga. Siku kama hizo beseni la maji safi lina thamani kuliko mfuko wa mbegu.

Ndege mdogo husimama pale maji yanapomfika miguuni. Anataka sentimita mbili au tatu ukingoni, mteremko mpole, sakafu yenye kukwaruza isiyoteleza, na pasiwe na mahali panapozidi sentimita kumi. Fundi wa picha hapotezi chochote kwa kina hicho, kwa sababu taswira ya ndege kwenye maji huzaliwa juu ya uso wa maji hayo. Ukiyatazama maji kutoka juu wima, yanarudisha asilimia 2 hivi tu ya mwanga. Ukishusha jicho hadi mtazamo wako ulale nyuzi 10 tu juu ya uso huo, yanarudisha takriban theluthi moja. Ndiyo sababu lenzi huwekwa karibu kugusa maji, na sakafu hufunikwa plastiki nzito nyeusi isiyoteleza ili mwanga wa chini usije ukafifisha taswira. Maji ya vidole viwili yatatoa taswira ileile ya ziwa. Mandharinyuma nayo yakiwa mita kadhaa nyuma ya ukingo, majani huyeyuka na kuwa rangi tupu pichani, na nafasi hiyohiyo iliyo wazi humwezesha ndege kumwona paka kabla hajafikiwa. Kichaka cha kukimbilia kikae mita mbili hivi pembeni: karibu kiasi cha kumwokoa shomoro kipanga anapokuja, mbali kiasi cha kumnyima paka maficho ya kurukia.

Pingamizi zito kuliko yote ni ugonjwa. Vimelea vya trikomonasi hupita kutoka ndege mmoja hadi mwingine kwa mate yaliyobaki kwenye chakula na maji. Ugonjwa huu ulipolipuka mwaka 2006, kaunti za kati na magharibi mwa Uingereza zikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi, chiriku wa kijani walishuka nchini kote kutoka takriban milioni 4.3 hadi milioni 2.8 ndani ya miaka michache. Mwaka 2021 nao wakaingizwa katika orodha nyekundu. Sioni njia ya kulipunguza uzito jambo hili. Asiyeweza kubadilisha maji kila siku, kusugua sakafu, na kukausha dimbwi kabisa mara tu anapoona ndege aliyefutuka manyoya na kushindwa kumeza, asijenge. Vimelea hivyo havidumu pakavu, kwa hiyo trei pana inayomwagwa kwa urahisi ni bora kuliko shimo la kudumu.

Wapo wanaosema picha ya namna hii ni udanganyifu. Ndugu wawili wapiga picha, Richard na Cherry Kearton, walijificha ndani ya ng'ombe wa bandia kuwapiga picha ndege wa Uingereza, kabla Cherry hajafika Afrika Mashariki mwaka 1909 na kamera yake ya filamu. Kujificha ni sehemu ya kazi hii tangu mwanzo wake. Ndege aliyekuja mwenyewe, akaoga na kuondoka alipotaka, ni wa porini kweli. Maelezo ya picha yataje dimbwi, basi.

Mdiria ndiye anayeonyesha pale njia ya picha na njia ya ndege zinapoachana. Baadhi ya wapiga picha huzamisha chombo chenye samaki hai chini ya tawi ili ajirushe pale lenzi inapolenga. Hapo picha ndiyo inayoongoza na ndege anafuata, tena mbizi yake ni ya kasi na chombo ni chembamba. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 1981 inakataza kumbughudhi akiwa kwenye kiota, ambacho hukichimba katika kingo za mto. Dimbwi la bustani lenye maji ya vidole viwili halimfai hata kidogo. Anayemtaka aende kwenye mto Cole, mjini Birmingham, akae mbali na tundu, na akubali siku zisizo na picha.