Spana ya Kizibo cha Gobore: Jinsi ya Kuirekebisha Ifanye Kazi kwa Urahisi

Gobore hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Baruti hutangulia, risasi hufuata, na zote mbili husukumwa kwa mdeki hadi chini kabisa. Upande wa nyuma mtutu hufungwa kwa kizibo cha chuma chenye hesi, na kizibo hicho ndicho kinachohimili kishindo chote cha baruti inapolipuka. Katika magobore ya zamani, yakiwemo yale yaliyofuliwa na mafundi wa kienyeji Afrika Mashariki, kizibo hukazwa moja kwa moja na hakifunguliwi ovyo. Katika magobore ya kisasa hufunguliwa kila bunduki inaposafishwa, na spana ya kukifungulia ni sehemu ya vifaa vya kila mwenye bunduki.

Mabadiliko hayo yalienea kutoka Marekani, ambako majimbo mengi yana msimu maalumu wa kuwinda kwa gobore. Mwaka 1985, fundi bunduki wa Missouri aitwaye Tony Knight alitoa gobore lililoitwa MK-85. Fataki yake ilikaa nyuma ya baruti katika mstari mmoja na mtutu, na kizibo chake kiliweza kufunguliwa, hivyo burashi ikapita mtutuni kutoka mwanzo hadi mwisho. Mpango huo ndio unaofuatwa na magobore mengi ya kisasa.

Ugumu wa kufungua kizibo unatokana na baruti yenyewe. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, na inapoungua zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi, bali hubaki masizi na chumvichumvi. Masizi hayo huvuta unyevu wa hewa na kuleta kutu. Yakipenya kwenye hesi na kukaa siku chache, kizibo hukwama.

Spana inayouzwa pamoja na bunduki mara nyingi ni mti mfupi wa chuma wenye kinywa cha pembe sita na kishikio kidogo. Hubebeka kwa urahisi, lakini ufupi wa kishikio hicho ndio udhaifu wake. Nguvu ya kuzungusha ni kani inayotiwa na mkono mara umbali wa mkono kutoka katikati ya spana. Mkono ukisukuma kwa kani ya niutoni 100, karibu sawa na uzito wa mzigo wa kilo 10, kwenye kishikio cha sentimita 3, hupatikana niutonimita 3. Kani ileile kwenye mpini wa sentimita 12 hutoa niutonimita 12, mara nne zaidi, na vidole haviumii.

Rekebisho la kwanza, na lililo jepesi kuliko yote, ni mpini wa kupita. Mti wa spana hubanwa kwenye jiliwa na kutobolewa kwa keekee karibu na mwisho wake wa nyuma. Tundu lisizidi theluthi ya unene wa mti, la sivyo spana itavunjika hapo. Kingo zake hulainishwa kwa tupa, kisha hupitishwa fito ya chuma ya sentimita 20 hadi 25, itokeze sawasawa pande zote mbili. Usawa huo una maana kubwa: mikono miwili ikisukuma kwa nguvu sawa, spana huzunguka ikiwa imenyooka, lakini mpini wa upande mmoja huiinamisha na kula pembe za kizibo.

Rekebisho la pili ni kuchomelea nati nyuma ya spana ili ishikwe kwa boksi spana yenye racheti, jambo linalofaa sana pale ambapo kizibo kimejificha ndani na mikono haina nafasi ya kuzunguka. Nati iliyopakwa zinki ikwanguliwe kwanza, kwa kuwa moshi wa zinki ni sumu. Kinywa cha spana kifungwe kitambaa chenye maji, kwa sababu joto kali huondoa ugumu wa chuma. Kazi hii ifanywe spana ikiwa mbali na bunduki na mbali na baruti.

La tatu ni kuvisha mti pete ya nailoni inayoenea vizuri ndani ya nafasi ya bunduki, ili kinywa kisiende upande. Kizibo chenyewe kisichongwe wala kutobolewa kamwe, maana ndicho kinachotenganisha mlipuko na uso wa mpigaji.

Kabla ya kufungua, fataki huondolewa na mdeki huingizwa mtutuni kuhakikisha kuwa bunduki haina kitu. Alama iliyowekwa kwenye mdeki wakati mtutu ukiwa mtupu huonyesha ukweli mara moja. Ikiwa imeshindiliwa, spana isiguse kizibo. Bunduki tupu hubanwa kati ya vipande vya mbao, hesi hutiwa mafuta mepesi, na baada ya kusubiri, spana huzungushwa kushoto kwa nguvu tulivu. Kizibo kikikataa, mafuta huachwa yapenye usiku kucha. Nyundo na bomba la kurefusha mpini havitakiwi. Kikikataa tena, kipelekwe kwa fundi bunduki.

Wakati wa kurudisha, mpini mrefu huwekwa kando. Nguvu iliyosaidia kufungua inaweza kuharibu hesi wakati wa kukaza. Hesi husuguliwa kwa burashi hadi ziwe safi, hupakwa grisi ya kuhimili joto, na kizibo huanzishwa kwa vidole mizunguko miwili au mitatu ili hesi zisipishane. Baada ya hapo hukazwa kwa kishikio kifupi hadi kikae, bila kulazimishwa. Baadhi ya magobore ya kampuni ya CVA yana kizibo kinachofunguka kwa vidole tu, ushahidi kwamba kizibo kinachosafishwa na kupakwa grisi kila baada ya kupiga hakihitaji kukazwa kwa nguvu nyingi.