Unashusha boti peke yako? Lijue kwanza komeo la trela

Leo tuwaache samaki kidogo, tuzungumzie boti inayowapelekea chakula.

Vijana kadhaa mnaofuga sato kwenye vizimba Ziwa Victoria mmeanza kuhifadhi boti nyumbani badala ya kuiacha mwaloni. Nawaelewa. Injini ikilala mwaloni bila mlinzi, na wewe hulali. Kwa hiyo kila asubuhi boti inakuja kwa trela na jioni inarudi kwa trela. Shida iko kwenye zile dakika kumi za kushusha na kupandisha.

Kijana mmoja ninayemtembelea alifika kwenye mteremko wa zege peke yake, kibarua wake anaumwa. Akafungua winchi matairi yakiwa bado makavu, akijua atairudisha trela majini taratibu. Boti haikumsubiri. Iliteleza ikatua kwenye zege na mguu wa injini ukavunjika. Mkono wa winchi nao ulizunguka kwa kasi, ukamkosa usoni kidogo tu. Akabaki anakodi boti ya jirani kupeleka chakula, na mkopo unamngoja.

Piga hesabu uone. Mteremko ukishuka mita 1 kwa kila mita 8, boti ya kilo 800 pamoja na injini inavuta kuelekea majini kwa nguvu kama ya kuning'iniza kilo 100. Mikono yako haiwezi kuizuia ikishaanza kuteleza.

Komeo linafanya nini?

Komeo hufungwa kwenye stendi ya winchi, mbele ya trela, likitazamana na ile pete ya chuma iliyo kwenye omo ya boti. Pete ikiingia kwenye mdomo wa komeo, springi inasukuma pini na pete inakamatwa. Ukitaka kuachia, unavuta kamba au mkono wa komeo ukiwa ndani ya boti. Huna haja ya kusimama kwenye chuma cha trela kilicholowa, wala kuingiza vidole kati ya boti na stendi.

Kabla hujanunua

1. Pima pete. Kama huna kipimo, tumia spana. Spana namba 10 ikiikaa pete sawasawa, chuma chake kina unene wa milimita 10. Pete nene haitaingia, na nyembamba itacheza mpaka ile pini. Pima pia tundu la pete, maana pini lazima ipite humo.

2. Kagua pete yenyewe. Iwe imepita ukuta wa boti na kukazwa kwa nati na bamba upande wa ndani. Pete iliyoshikwa na skrubu za mbao itang'oka, na komeo zuri halitakuokoa.

3. Jua uzito wa boti. Hesabu boti, injini, mafuta na vyote unavyoacha ndani. Linganisha na uzito ulioandikwa kwenye komeo. Kama muuzaji hajui uzito huo, usinunue.

4. Angalia chuma. Ninyi wa Tanga, Mafia na Unguja mnaoenda kwenye mashamba ya mwani, chukueni chuma kisichoshika kutu, na springi yake iwe hivyohivyo. Chumvi haina huruma. Ziwani, chuma kilichopakwa zinki vizuri kinatosha.

5. Uliza linaachiaje. Mengine ukivuta mara moja yanabaki wazi mpaka pete iingie tena. Mengine lazima uishike kamba muda wote. Kama unafanya kazi peke yako, chukua la kwanza.

Ukimpa fundi kazi ya kulifunga, mwambie atumie bolti, asichomelee. Utahitaji kulipandisha au kulishusha kidogo mpaka likutane na pete.

Kushusha

Ukiwa bado kwenye tambarare, funga kizibo cha boti, pakia vitu, fungua mikanda ya nyuma na pandisha mguu wa injini. Funga kamba ndefu kwenye omo. Kisha shika pete uitikise, uone kwa macho kwamba pini imepita.

Rudi rivasi mpaka sehemu ya nyuma ya boti iwe imeingia majini. Simamisha gari na vuta handibreki. Hapo ndipo unafungua mkanda wa winchi na mnyororo, si kabla. Rudi tena mpaka nyuma ielee, zima gari, liache kwenye gia. Vaa jaketi okozi, panda, shusha mguu wa injini na uiwashe. Sogeza boti mbele kidogo ili pete isibane pini, vuta kamba ya komeo, weka rivasi, toka taratibu.

Kupandisha

Usiizamishe trela sana. Ikizama mno, boti inaelea juu na pete inapita juu ya mdomo wa komeo. Ukishapata kina kinachofaa, piga alama ya rangi kwenye madigadi, uitumie kila siku.

Ingia polepole. Usikanyage mafuta kuilazimisha boti ipande, kwa sababu propela inachimba shimo mwisho wa zege, na kesho tairi la trela litaingia humo. Ukisikia "ta!", usiamini sikio peke yake. Zima injini, inama uone pini, ndipo upandishe mguu na kushuka. Kabla ya kuvuta, rudisha mnyororo.

Komeo si mkanda wa safari

Hapa ndipo wengi wanakosea. Komeo ni kibarua wa pale majini tu. Barabarani, ukifunga breki ghafla au ukikanyaga shimo, mzigo unarushwa kwa nguvu ambayo pini moja haikutengenezewa. Ukifika tambarare funga mkanda wa winchi, mnyororo wa omo na mikanda miwili ya nyuma. Vyote, hata kama nyumbani ni kilomita mbili.

Kila wiki lisuuze kwa maji safi, toa mchanga, na angalia kama springi inarudi haraka. Springi ikichoka au kamba ikianza kukatika, badilisha siku hiyohiyo.

Na kama hujawahi kulitumia, usijifunzie saa moja asubuhi sato wakisubiri chakula. Nenda jioni moja ya maji matulivu na mwenzako mmoja, ushushe na kupandisha mara tano. Peke yako, anza baada ya hapo.

Kazi njema, tukutane mwaloni.