Kabla ya Kutuma Pesa ya Mtoto wa Mbwa, Mjue Anayemfuga

Mwaka jana shangazi yangu anayeishi Ruai aliamua kununua mbwa. Wezi walikuwa wameruka ukuta wake mara mbili, na alitaka German Shepherd dume, akiwa mdogo bado ili azoeane na wajukuu. Akaona tangazo Facebook: watoto sita wa mbwa wamepangwa kwenye blanketi, wasafi, bei 12,000. Mwenye tangazo akasema yuko Naivasha na wanunuzi ni wengi, kwa hivyo atume 5,000 ya kumshikilia mmoja. Shangazi akatuma. Kesho yake akaombwa 2,000 ya boksi la kusafirishia. Kesho kutwa, 1,500 ya kibali. Siku ya nne simu haikushikwa tena.

"Wewe si unafanya kazi huko kwa pesa za simu?" akaniambia. "Basi nirudishie pesa yangu."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba wateja wengi hawajui jambo hili. Kurudishiwa pesa kulitengenezwa kwa mtu aliyekosea namba. Ukituma kwa namba uliyokusudia, ukaona jina, ukaweka PIN yako mwenyewe, mfumo unaona mteja aliyemlipa mtu aliyetaka kumlipa. Hata ukilalamika haraka, kama aliyepokea ameshatoa pesa kwa ajenti, hakuna kitu kilichobaki cha kurudisha. Matapeli wanalijua hilo, ndiyo maana pesa haikai kwa laini yao hata nusu saa.

Kwa hivyo kazi yote ya kumchunguza mfugaji inafanyika kabla ya PIN. Tuanzie hapo.

Picha si mbwa

Picha inaweza kutolewa popote duniani. Chukua ile ya tangazo uitafute kwa Google Lens. Ukikuta mbwa huyo huyo kwenye ukurasa wa mtu wa Marekani au Afrika Kusini, mazungumzo yameisha. Isipopatikana, bado hujathibitisha kitu. Omba simu ya video, na usikubali video iliyorekodiwa jana. Akiwa hewani, mwambie aandike jina lako kwenye karatasi aiweke kando ya mama mbwa. Mtu mwenye mbwa atacheka, lakini atafanya. Asiye na mbwa atakuambia kamera imeharibika.

Mtu anayeuza mbwa wa aina saba tofauti, na kila aina ina watoto "tayari leo", pia anapaswa kukufanya usite. Mbwa hubeba mimba kwa takriban siku 63, na wafugaji makini hawamzalishi jike kila anapopata joto. Mara nyingi wana aina moja au mbili, na mara nyingi watakuambia usubiri. Kusubiri kunaudhi, najua, lakini ni dalili nzuri.

Nenda uone mama yao

Hakuna swali linalozidi hili: mama yuko wapi? Nenda bandani ukamwone akiwa na watoto wake. Angalia matiti yake, kama kweli ananyonyesha. Angalia anavyokaribia watu, kwa sababu jike mwoga sana au mkali kupita kiasi anaweza kuwarithisha watoto tabia hiyo, na pia wanaiga kwake. Baba anaweza kuwa mbwa wa mtu mwingine, hilo ni kawaida, lakini mama asipokuwepo na maelezo ni mengi, kuna uwezekano unaongea na dalali aliyekusanya watoto wa mbwa kutoka sehemu tofauti. Hapo ndipo magonjwa husambaa.

Kwa German Shepherd na Rottweiler, uliza kuhusu nyonga. Aina hizi zina kasoro ya nyonga inayorithiwa, na huwezi kuiona kwa mtoto wa wiki nane anayerukaruka vizuri. Huonekana baadaye, mbwa ameshakuwa mzito na familia imeshamzoea. Mfugaji anayejali atakuonyesha picha za eksirei za wazazi. Wengi huku kwetu hawana, tuseme ukweli, basi angalau watazame wazazi wakitembea na wakiinuka kutoka chini. Na kama anakuuzia kwa bei ya juu kwa sababu mbwa "ana karatasi", muulize ni karatasi za nani. East Africa Kennel Club ndiyo huweka rekodi za nasaba hapa, hivyo unaweza kuwauliza wao wenyewe kama cheti ni chao. Cheti kinaeleza ukoo tu. Afya ni hadithi nyingine.

Kadi ya chanjo ina hesabu yake

Hapa ndipo wengi hupitishwa, kwa sababu kadi ipo, ina mihuri, na wengi wetu hatujui kuisoma.

Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama kabla ya wiki nane. Chanjo ya kwanza ya magonjwa kama parvo na distempa hutolewa akiwa na wiki sita hadi nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afike takriban wiki 16. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida husubiri afike miezi mitatu. Sasa piga hesabu: mtu akikuambia mtoto ana wiki nane na "amemaliza chanjo zote, hata ya kichaa", kuna kitu hakiko sawa. Ama umri ni wa uongo au kadi ni ya uongo. Dawa ya minyoo ndiyo inayopaswa kuwa imetolewa mara kadhaa kufikia hapo.

Kwenye kadi tafuta stika ndogo inayobanduliwa kwenye chupa ya chanjo, yenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Kando yake kuwe na sahihi, muhuri na namba ya usajili ya daktari. Madaktari wa wanyama nchini husajiliwa na Kenya Veterinary Board, kwa hivyo jina hilo linaweza kuthibitishwa. Mpigie daktari mwenyewe, na namba yake uitafute kwingine, usitumie ile uliyopewa na muuzaji. Simu ya dakika mbili.

Sababu ya kusumbuka hivi ni parvo. Mtoto anaweza kuambukizwa leo na aonekane mzima kabisa, kisha kati ya siku tatu na wiki mbili aanze kutapika na kuharisha damu. Matibabu ni ya dripu kwa siku kadhaa, yanaweza kugharimu kuliko bei ya mbwa, na baadhi hufa hata wakitibiwa. Muuzaji wa namna hii si tapeli kwa maana ya kawaida. Mbwa alikuwepo, ulimbeba mwenyewe, pesa ilifika ilikokusudiwa. Sisi hatuna cha kurudisha hapo.

Pesa iende mwisho

Lipa ukiwa umemshika mbwa. Kama safari ni ndefu na mfugaji anataka pesa ya kumshikilia, ambayo si jambo baya lenyewe, itume baada ya kutembelea banda, iwe kidogo ambacho ukikipoteza hutalala njaa, na mwandikiane kwanza kwenye ujumbe: mbwa yupi, bei kamili, siku ya kumchukua, na kama pesa inarudi mambo yakienda mrama.

Jina linalotokea kabla ya kuweka PIN lisome kweli. Wengi wetu tunalipita kama matangazo ya redio. Likiwa tofauti na la mtu unayeongea naye, na maelezo yakawa "hiyo laini ni ya mke wangu", mwambie akupe namba iliyosajiliwa kwa jina lake na umwone na kitambulisho mkikutana. Namba ya till yenye jina la biashara ni nzuri kwa kumbukumbu, lakini till haimfanyi mtu kuwa mwaminifu.

Kabla ya kukamilisha malipo, kubalianeni kwa maandishi kwamba utampeleka mbwa kwa daktari wako ndani ya siku mbili, na kwamba akiugua parvo ndani ya wiki mbili mfugaji atarudisha pesa au kumbadilisha. Kwa nini wiki mbili? Rudi kwenye zile siku za maambukizi. Dhamana ya saa 48, ambayo wauzaji wengi huipenda, huisha kabla ugonjwa haujaonekana.

Shangazi alipata mbwa mwishowe. Mfugaji wa pili, mama mmoja wa huko Limuru, alimuuliza maswali mengi kuhusu geti, ukuta na nani atamlisha mbwa, mpaka shangazi akaniuliza kwani ni yeye anayenunuliwa. Kisha akaambiwa asubiri wiki tatu zaidi kwa sababu watoto bado wananyonya. Alinung'unika, lakini alisubiri. Kama shida yako si aina maalum, KSPCA nayo huwa na mbwa wanaotafuta nyumba, na nao watakuuliza maswali.

Kama umeshatuma na sasa unahisi umechezwa, usitume tena hata shilingi, hata ukiambiwa mbwa yuko stejini. Piga simu huduma kwa wateja mara moja. Kukiwa na pesa iliyobaki kwenye laini ile, dakika zina maana. Usifute ujumbe wowote. Hifadhi ule wa kuthibitisha malipo wenye namba ya muamala, piga picha mazungumzo yote pamoja na tangazo lenyewe kabla halijatolewa, kisha nenda kituo cha polisi uandikishe na upewe namba ya OB. Shangazi alikuwa amefuta mazungumzo yote kwa hasira kabla hajanipigia.