Mhunzi na Cheche Zake

Wanafunzi hutuuliza mara nyingi: je, oksijeni ituhuishayo yaweza pia kutudhuru? Naam, yaweza. Mhunzi hafui jembe bila cheche kuruka. Hekima yake ni kujikinga nazo. Chembe za mwili wetu, ziitwazo seli, hufanya vivyo hivyo.

Tutazame kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Humo mna seli zitengenezazo insulini, protini iongozayo sukari ya damu. Protini huanza ikiwa kama uzi mrefu, wala haifai kitu mpaka ikunjwe barabara. Insulini hushikwa na vifungo 3 vya salfa. Kimoja kikifungwa mahali pasipo pake, umbo lote huharibika.

Kimeng’enya kiitwacho Ero1 husaidia kufunga vifungo hivyo kwa nguvu ya oksijeni. Lakini kila kifungo huacha nyuma molekuli moja ya haidrojeni peroksaidi, ile dawa itoayo povu juu ya kidonda. Ikizidi, huidhuru seli yenyewe.

Basi seli hujilindaje? Kwanza, mlinzi aitwaye peroksiredoksini ya 4 hukaa papo hapo penye kazi. Huikamata sumu, huigeuza kuwa maji, na kwa nguvu ya sumu hiyohiyo husaidia kufunga kifungo kingine. Pili, Ero1 ina kizuizi chake, isije ikafanya kazi kupita kiasi. Tatu, nyuzi zisizokunjwa zikirundikana, seli hupunguza kutengeneza protini mpya na kuongeza wasaidizi wa kukunja. Mzigo usipopungua hata hapo, seli hujiua.

Jambo hili latuhusu sana. Seli za insulini zina kinga haba ya kuondoa peroksaidi kuliko seli za ini. Mtu akinenepa mno na sukari yake ikabaki juu, seli hizo hulazimishwa kufanya kazi usiku na mchana. Nyingine huchoka, nyingine hufa, na kisukari huzidi.

Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, tule kwa kiasi na kuuzoeza mwili kazi, ili tuwapunguzie mzigo mafundi hao wadogo. Naye aonaye kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara na kukonda bila sababu, asikawie kwenda kupimwa sukari ya damu.