Mali bila daftari huisha bila habari: Funzo kwa familia zenye maduka Kariakoo

Katika maduka mengi ya mitaa ya Kongo, Aggrey na Msimbazi, Kariakoo, yupo mama anayekaa nyuma ya kaunta tangu asubuhi hadi fremu inapofungwa. Anapokea mzigo, anahesabu mauzo, na wateja wa mikoani anawajua kwa majina. Lakini leseni ina jina la mume, mkataba wa pango una jina la mume, na akaunti ya benki vilevile. Mtaani anaitwa mama mwenye duka. Karatasi hazimjui.

Siku za amani hakuna anayeliona hilo. Linaonekana siku ya talaka, siku mume anapooa mke wa pili, au siku ya msiba, pale mawifi, mashemeji na watoto wa mama tofauti wanapokaa kikao kimoja na kila mtu ana hesabu yake kichwani.

Jasho la mke lina thamani

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa nguvu za pamoja wanandoa wanapoachana. Swali lililosumbua kwa miaka mingi ni hili: je, kupika, kufua na kulea ni nguvu?

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilijibu katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Ilisema ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Hata hivyo, Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa mumewe aliwahi kumpa fedha za kuanzisha biashara naye akazitapanya.

Kwa hiyo hukumu ile ina mafunzo mawili. Mume asiseme mke amekula tu. Na mke aliyekabidhiwa mtaji ajue kuwa ipo siku ataulizwa umekwenda wapi.

Hata matajiri wakubwa hufika mahakamani

Mfanyabiashara Reginald Mengi, mwasisi wa kampuni za IPP, alifariki dunia Mei 2019. Wosia uliotolewa baada ya kifo chake ulimpa mali mjane wake, Jacqueline, pamoja na watoto wao pacha, na kuwaacha nje watoto wake wakubwa. Mtoto wake Abdiel na mdogo wa marehemu, Benjamin, waliupinga. Mei 2021 Mahakama Kuu, Dar es Salaam, iliubatilisha wosia huo. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni afya ya marehemu alipouandika na kuwanyima watoto urithi bila kueleza kwa nini.

Kama karatasi zenye mawakili zilibishaniwa kwa miaka miwili, ahadi za mdomo za baba mwenye fremu tatu zitakuwaje?

Mtoto aliyebaki dukani

Kuna sadaka nyingine isiyozungumzwa. Mtoto wa kwanza anaachishwa masomo asaidie duka. Faida analipia ada za wadogo zake. Baba akifariki, wadogo wanarudi na shahada zao, na mgawo unakuwa sawa kwa sawa. Aliyebaki anaona ameibiwa. Wenzake wanaona anataka kuwadhulumu. Wote wanasema kweli, kwa sababu mzazi hakuwahi kutamka kama yule alikuwa mfanyakazi, mbia au mtoto anayesaidia tu.

Mzazi aanzie wapi?

Anza na jina. Mali ikiandikwa jina la mmoja, sheria huanza kwa kudhani ni yake peke yake mpaka ithibitishwe vingine. Ikiandikwa majina ya wote wawili, hudhani wana haki sawa. Biashara ikikua, isajilini Brela kama kampuni, na hisa za kila mmoja zijulikane.

Mlipeni mshahara mtoto anayefanya kazi dukani, hata kama ni mdogo, au mwandikieni sehemu yake.

Kwa familia za Kiislamu, mjane wa marehemu aliyeacha watoto hurithi thumni, na wakiwa wake wawili wanagawana hiyo hiyo. Ndiyo maana mtaji wa mke uliomo dukani unapaswa kujulikana mapema: huo ni mali yake na hutolewa kwanza kabla urithi haujagawanywa.

Andikeni wosia mkiwa na afya njema, mbele ya mashahidi wanaotakiwa, na uhifadhiwe Rita au sehemu nyingine salama. Nakala za nyaraka zisikae dukani pekee. Moto wa Soko la Kariakoo wa Julai 10, 2021 ulionyesha jinsi usiku mmoja unavyoweza kuondoka na kazi ya miaka.

Kisha waiteni watoto, wakubwa kwa wadogo, muwaeleze mlichoandika na sababu zake. Wakinuna, wanune mkiwa hai, mpate kuwajibu.